Binti Anapochagua Kuuguza

Matokeo ya kidato cha nne yatokapo, nyumba nyingi za Mwambao huingia katika mashauriano. Binti amepata alama za wastani, ataka kusomea usaidizi wa afya, na nafasi yapatikana Machakos, bara, mbali na jamaa. Mama ahofia umbali. Baba auliza: "Nimlipie karo ili akaoshe wagonjwa?" Swali hili lastahili jibu, ndugu wasomaji.

Kwanza tuzitenganishe kazi zinazochanganywa. Wale wahudumu wa kujitolea wapitao nyumbani, CHP, huteuliwa na wanajamii na kupewa mafunzo mafupi. Mnamo Septemba 2023 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu 100,000 wenye mikoba ya vifaa, kila mmoja akiangalia nyumba zipatazo 100, kupima shinikizo la damu na sukari. Posho yao iliwekwa shilingi 5,000 kwa mwezi. Ni khidma njema, lakini si ajira ya kutegemewa. Msaidizi wa afya ya jamii, anayewasimamia, husoma chuoni akatoka na cheti au stashahada. Kisha yuko mlezi wa wagonjwa nyumbani, ambaye hufundishwa katika vyuo vya ufundi.

Chuo cha KMTC, kilichoasisiwa mwaka 1927, kina kampasi Machakos. Ila si kila kampasi hufundisha kila kozi. Basi kabla ya kulipa, mzazi aulize: kozi hii yaitwaje hasa? Cheti chake hutolewa na nani? Mazoezi ya wodini hufanyika hospitali gani? Chuo kikiwa cha binafsi, aulize pia usajili wake kwa Mamlaka ya TVET. Chuo kisichojibu waziwazi kisipewe karo.

Sasa turudi kwa baba. Nyanya akipooza, nani humwosha? Aghalabu ni binti mmoja, asiyefunzwa wala kushukuriwa. Hajui kwamba mgonjwa asiyegeuzwa kila baada ya saa chache huota vidonda mgongoni, wala kwamba kumlisha amelala chali kwaweza kumpalia. Kazi ile ile tunayoionea haya chuoni, twamtwika bila elimu nyumbani.

Tena twapenda wake zetu wahudumiwe na wanawake, kwa ajili ya stara. Wanawake hao watatoka wapi, ikiwa kila nyumba yamzuia wake? Yasimuliwa kuwa Rufaida al-Aslamiyya aliwauguza majeruhi hemani, katika msikiti wa Mtume (s.a.w.), Madina. Hakuna aliyemhesabu kuwa amejishusha.

Hofu ya mama ina haki yake, na dawa yake ni matayarisho. Machakos ulikuwa mji wa misafara kabla reli haijafika Nairobi mwaka 1899, na Waislamu wangali wakiishi huko. Mzazi na afuatane na binti, washuke Kyumvi, waingie mjini, wakaone bweni, waulize msikiti, wajuane na familia moja ya kumtazama. Amfungie na sweta. Julai ya Machakos si Julai ya Mombasa.

Akishindwa kumpeleka, basi amwambie sababu ya kweli: ni karo, ni umbali, au ni haya. Mbili za mwanzo zatafutiwa njia. Ya tatu ni yetu sisi wazazi kuiondoa.