MGENI WA DOLA LAKI MOJA NA MTOTO WA SIKU TISINI

Wananchi wa Unguja na Pemba,

Visiwa vyetu havijapata kumfungia mgeni mlango. Tangu zama za majahazi, kaskazi ilituletea wageni na kusi ikawarudisha makwao. Na waliopenda kubaki walibaki, wakaoa, wakazaa, wakazikwa hapa. Basi asije mtu akasema kuwa chama chetu kinawachukia wageni. Tutakayoyasema leo si juu ya mgeni. Ni juu ya mizani inayotumika kupima nani akae na nani aondoke.

Siku hizi imezuka duniani safari mpya, nayo ni safari ya wastaafu. Mtu wa Ulaya au Marekani akimaliza miaka yake ya kazi huitazama pensheni yake, akaona kuwa kwao haimtoshi kwa kodi ya nyumba na gharama za kujikinga na baridi, lakini katika nchi ya jua itamweka katika hali njema. Hapo hutafuta nchi itakayompa kibali cha kukaa muda mrefu, na nchi nazo zinashindana kumpata. Ufilipino iliunda mamlaka maalumu ya wastaafu wa kigeni tangu mwaka 1985. Malaysia ilianzisha mpango wake mwaka 2002. Thailand humtaka mstaafu awe ametimiza miaka 50, na aonyeshe baht 800,000 benki au kipato cha baht 65,000 kwa mwezi. Mauritius, kisiwa kama sisi katika bahari hii hii, nayo humpokea mgeni aliyetimiza miaka 50 kwa sharti la kuingiza kutoka nje kiasi maalumu cha fedha za kigeni kila mwezi.

Tazameni vyema masharti hayo. Nchi kama Thailand na Mauritius zinamuuliza mzee: je, una kipato cha kukulisha mpaka mwisho wa umri wako? Hilo ni swali la mwenyeji mwenye akili, kwani mstaafu hafanyi kazi, na asiyekuwa na kipato atakuwa mzigo wa jirani zake.

Sisi mlango wetu umewekwa mahali pengine. Kwa utaratibu wa sheria ya uwekezaji ya mwaka 2023, mgeni anayenunua nyumba ya thamani ya dola 100,000 au zaidi, katika miradi iliyokubaliwa na mamlaka ya uwekezaji, hufunguliwa njia ya kupata kibali cha ukaazi, yeye, mwenziwe wa ndoa na watoto wao. Msingi wa kibali hicho ni bei ya nyumba. Fedha hizo humfikia muuzaji wa nyumba kwa mara moja. Ama muuza samaki wa Darajani, mwenye gari la abiria na fundi wa mfereji, hao hula katika matumizi ya kila mwezi, na matumizi ya kila mwezi ndiyo tusiyoyauliza.

Sasa tuitazame upande wa pili mizani hiyo.

Mwaka 2024 alitujia afisini mzee mmoja, mzaliwa wa Kikwajuni. Aliondoka hapa kijana, akafika Uingereza, akaendesha mabasi kwa muda wa miaka thelathini. Katika miaka hiyo alichukua pasi ya huko, kwa sababu bila ya pasi ile asingaliweza kumleta mkewe wala kutulia na kazi yake. Alipostaafu alirudi kwao. Alipofika alilipa dola 50 za viza, akagongewa muhuri wa siku 90 kama watalii aliopanda nao ndege. Baba yake amezikwa Mwanakwerekwe. Nyumba aliyozaliwa ingalipo, na dada yake anaishi humo.

Hakuja kulalamika. Alitaka jambo moja tu: tumhesabie siku zake, kwa kuwa macho yake hayasomi tena maandishi madogo, na alichelea zisije zikampita akawa mvunja sheria. Tulimhesabia. Zilikuwa zimebaki kumi na moja. Akaikunja pasi yake, akaitia mfukoni, akatuuliza, "Wanangu, na mimi hapa ni mgeni wa nani?"

Hatukuwa na la kumjibu, na ndiyo maana tunaandika leo.

Sheria haikumfanyia mzee huyo hila, ilisema wazi. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili, na anayechukua wa nje kwa hiari yake hupoteza wa hapa. Sheria ya Mzanzibari ya mwaka 1985 nayo imeujenga Uzanzibari juu ya uraia wa Tanzania. Kwa hiyo siku moja, mbele ya karani wa nchi ya mbali, mzee wetu alivuliwa nguo mbili kwa pamoja, na pengine hakujua ila ile moja.

Mwaka 2025 Bunge la Muungano lilipitisha marekebisho ya sheria ili watu wenye asili ya Tanzania walio na uraia wa nje wapewe hadhi maalumu. Twaipokea hatua hiyo, maana kidogo ni bora kuliko kukosa. Lakini hadhi si haki ya kuzaliwa, ni ruhusa. Tena ardhi si jambo la Muungano. Kiwanja cha Unguja na shamba la Pemba vinatawaliwa na sheria zinazotungwa katika Baraza letu la Wawakilishi. Kwa hiyo hapa hatuna wa kumsingizia Dodoma. Nani atamiliki nini katika visiwa hivi ni neno letu wenyewe.

Wako watakaosema: ikiwa mzee huyo ana pauni, si anunue nyumba kama wenzake apate kibali? Tunawajibu kuwa pensheni ya dereva wa basi hainunui nyumba ya dola laki moja. Na hata ingeliweza, ni sheria gani ya uungwana inayomtaka mtu anunue mlango wa mradi ili aruhusiwe kulala katika nyumba ya baba yake?

Na tupige hesabu moja ya nyumbani. Pensheni Jamii ya wazee wetu waliotimiza miaka 70 ilianza mwaka 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, kisha ikapandishwa hadi 50,000. Tunaishukuru kheri hiyo. Lakini tukiikadiria dola moja kwa shilingi 2,500, dola laki moja ni shilingi milioni 250. Mzee wa Makunduchi au wa Micheweni akiiweka pensheni yake yote bila ya kula wala kunywa, atahitaji miezi 5,000, yaani miaka 416 na zaidi, ndipo afikie bei ya mlango ule. Hatusemi kuwa nyumba za wageni ndizo zilizomfanya masikini. Tunasema kuwa nchi inayouza ukaazi wake kwa bei hiyo haina budi imuonyeshe mzee huyo fungu lake liko wapi.

Liko na jambo jingine linalofichwa na picha nzuri za matangazo. Mgeni huja akiwa na miaka 62, ana nguvu, anaogelea. Atakapofika miaka 80 itakuwaje? Serikali ya Uingereza humpandishia mstaafu pensheni ya taifa kila mwaka akiwa kwao, au akiwa katika baadhi ya nchi zilizo na mapatano nayo, zikiwamo Mauritius na Ufilipino. Tanzania haimo. Anayehamia kwetu pensheni yake husimama pale pale ilipokuwa, na bei za sokoni hazisimami. Matibabu ya bure ya hospitali za Uingereza ni ya wakaazi wa huko. Bima ya wazee ya Marekani, kwa kawaida, hailipi hospitali za nje. Basi fedha za mzee hupungua nguvu kadiri maradhi yake yanavyoongezeka, na siku ya kuanguka hatapelekwa katika afisi ya muuza nyumba. Ataletwa Mnazi Mmoja, ambako wagonjwa wetu wenyewe wangali wakingoja zamu. Na khatari hiyo ya pensheni iliyosimama inamgusa vile vile mzee wetu wa Kikwajuni.

Kwa hayo tunaitaka Serikali ifanye mambo manne.

Kwanza, aliyezaliwa katika visiwa hivi, na mtoto wake, apewe haki ya kukaa maisha bila ya bei ya nyumba na bila ya kuhesabiwa siku. Panapohusika uhamiaji, ambao ni jambo la Muungano, Serikali ya Zanzibar ilipeleke dai hilo kwa sauti ile ile inayotumia kuwaita wawekezaji. Panapohusika ardhi, Baraza la Wawakilishi litunge sheria lenyewe.

Pili, mgeni mstaafu apimwe kwa kipato cha kila mwezi na kwa bima ya afya itakayokubaliwa na hospitali zetu, wala si kwa nyumba peke yake.

Tatu, Serikali itafute mapatano na nchi wanakotoka wastaafu, ili pensheni zao zisisimame wakihamia kwetu. Mapatano hayo yatamfaa mgeni na mtoto wa nyumbani pamoja.

Nne, kila mwaka itangazwe hadharani ni vibali vingapi vimetolewa kwa njia ya nyumba, ni fedha kiasi gani zimeingia Hazina, na ni fungu gani limetiwa katika Pensheni Jamii.

Hatuombi mgeni afukuzwe. Akae, na Mungu ambarikie uzee wake. Tunachokidai ni kuwa mtoto wa nyumba asisimamishwe uani huku mpangaji amekaa barazani.

Wananchi, yasomeni haya, muwasomee na wasioweza kusoma. Kisha Mwakilishi wenu atakapokuja jimboni, muulizeni yeye lile swali ambalo sisi lilitushinda kulijibu: mzee yule ni mgeni wa nani?