Barabara ya kupitisha mawe, ao ya kujenga miji?

Vijana wenzetu, kila siku tunasikia jina moja: Lobito. Reli inatoka bandari ya Lobito, Angola, inaelekea Kolwezi. Desemba 2024 Rais Joe Biden alifika Lobito mwenyewe kwa ajili yake. Shaba na kobalti zinatafutiwa njia. Sawa. Na sisi wa Ntoto je?

Walikale iko na Bisie, moja ya migodi tajiri zaidi ya bati duniani. Miaka ya 2000, ndege zilikuwa zinatua juu ya barabara ya lami pale Kilambo, zinabeba kasiteriti mpaka Goma. Barabara iligeuka uwanja wa ndege! Mawe yaliruka, muhogo na ndizi za mkulima vikabaki.

Mji unakua pale mzigo unaposimama: dereva anakula, fundi anapata kazi, mama anauzisha, depo inajengwa. Mzigo ukipita juu ya vichwa vyetu, kijiji kinabaki kijiji. Vijana wanakimbilia Goma, wenye diploma na wasio nayo, wote bila kazi.

Mtasema: kwanza vita iishe. Ni kweli. Lakini mipango ya Lobito inaandikwa leo, vita ingali.

Kwa hiyo tunadai: barabara ya Sake–Masisi–Walikale, pamoja na njia ya kuingia Ntoto, iandikwe pia, na masoko na madepo yake. Asiyekuwa kwenye karatasi leo, kesho hatakuwa na barabara.