Mama Mlangoni: Habari za Durgabai Deshmukh

Wasomaji wetu, mwezi huu twawaletea habari za Bibi Durgabai Deshmukh wa Bara Hindi, aliyezaliwa mwaka 1909 akafariki 1981. Mwaka 1923, katika mji wa Kakinada, akiwa na miaka 14 tu, aliwekwa mlangoni pa maonyesho ya nguo za kufumwa kwa mkono, asimruhusu mtu kuingia pasipo tikiti. Akaja Jawaharlal Nehru, mtu mwenye jina kubwa, naye hakuwa nayo. Binti akamzuia, hata wenyeji wakamnunulia. (Waalimu wajua mtoto wa namna hii alivyo taabu, na alivyo hazina.)

Alikuwa ameozwa akiwa na miaka 8. Baadaye alifungwa kwa kudai uhuru wa nchi yake. Alipotoka akarudia masomo ukubwani, na mwaka 1942 akapata shahada ya sheria. Wala hakungoja kuhitimu ndipo awakumbuke wenziwe: mwaka 1937 alikwisha anzisha mjini Madras chama cha Andhra Mahila Sabha, kuwafundisha wanawake waliokosa shule. Mwaka 1946 aliingia baraza la kutunga katiba. Mwaka 1953 akawa mkuu wa kwanza wa halmashauri ya serikali ya kuwasaidia kwa fedha wenye vyama vya kuhudumia akina mama na watoto. Waziri Mkuu siku hizo alikuwa Nehru yule yule wa tikiti.