Hewa ya Ploti Imejaa

Nianze na hili kabla sijapigiwa nduru ya mwizi: kuskani waifai si kuiba waifai. Rauta ya jirani yako inatangaza jina lake yenyewe, karibu mara kumi kwa sekunde, kwa yeyote aliye karibu. Kulisoma ni kama kusoma kibao cha kinyozi ukipita. Sheria ya makosa ya mtandao ya mwaka 2018 inamwinda anayeingia mfumo wa mtu bila ruhusa, si msoma vibao. Kwa hivyo tuliza boli.

Naishi Umoja, ploti ya orofa sita. Kila jioni saa moja ikigonga, intaneti yangu ilikuwa inakufa. Mimi naandikia wateja wa mbali, na kazi ikichelewa malipo yanakatwa. Nikampigia jamaa aliyenifungia waya. Jibu lake? "Panda kifurushi, boss." Nikapanda. Miezi mitatu nikalipa zaidi, na kila saa moja tuko palepale.

Siku moja nikaweka WiFiAnalyzer kwenye simu. Ni ya bure. Itakuomba uwashe lokesheni, kwa sababu orodha ya waifai zilizokuzunguka inatosha kumwonyesha mtu mahali ulipo (hilo nalo lifikirie siku nyingine). Kwenye laptopu ya Linux kuna LinSSID, kazi ni ileile. Kila mtandao unachorwa kama kilima: kikiwa kirefu, mawimbi yana nguvu, na chini yake kuna namba ya chaneli. Nikiwa nimekaa kitandani nilihesabu mitandao 31, yangu ikiwemo. Karibu nusu ilikuwa imebanana kwenye chaneli ya 6. Wengine walikuwa wamejitupa kwenye 3, 4, 8, popote tu.

Shida ni hii. Chaneli za gigahezi 2.4 zimeachana megahezi 5 tu, na rauta moja ikiongea inachukua kama 20. Zisizogusana ni tatu: 1, 6 na 11. Rauta zilizo kwenye chaneli moja angalau zinasikizana, moja ikiongea nyingine inangoja. Lakini aliyekaa 3 haeleweki na wa 1 wala wa 6. Kwao ni kelele tupu. Mtu mmoja hivyo anaharibia orofa nzima na hana habari.

Sasa kifurushi kikubwa kinasaidia nini hapo? Ni kununua nganya yenye injini mpya halafu unaiingiza Jogoo Road saa kumi na mbili jioni. Yule jamaa wa waya analijua hili. Ama halijui, na hiyo ni mbaya zaidi, maana ndiye mwenye ngazi na beji. Dakika mbili na simu yake zingetosha. Akija kwako, usikubali kulipa zaidi mpaka akufungulie hiyo grafu muitazame pamoja.

Kuna watakaosema tuhamie gigahezi 5. Poa, kule kuna nafasi, na mawimbi yake hayapenyi kuta vizuri, jambo ambalo kwenye ploti ni baraka. Ila simu nyingi za bei ya chini zinashika 2.4 peke yake. Mwenye hiyo simu aende wapi?

Na sisi wapangaji pia tuna makosa. Tunakubaliana zamu ya maji, pesa ya takataka, nani anafagia ngazi. Hewa, kila mtu na lwake. Mmoja akiona waifai inakwama ananunua busta, anazidisha kelele, halafu wa juu naye ananunua yake. Nilipotuma picha ya vilima kwenye grupu ya ploti, jibu la kwanza lilikuwa: "Kwani umepata password yangu?"

La pili halikuandikwa. Mama wa duka la chini alipanda na rauta yake kwenye mfuko wa karatasi, akaniuliza iko namba ngapi. Tukaichomeka. Ilikuwa 3. Tukaihamisha 1, akarudi dukani.

Wamebaki 29.