Mabao 27 Hayajafanya Pacha

Wiki iliyopita, ndani ya daladala ya 502 itokayo Darajani, nilimsikia mtangazaji mmoja wa michezo akitangaza redioni kwamba mjadala umefungwa: washambuliaji pacha bora katika historia yote ya Yanga ni Clement Mzize na Prince Dube. Ushahidi wake ni kwamba katika msimu wa 2024/25 Mzize alifunga mabao 14 ya ligi na Dube 13, jumla 27. Akaitaja ile ishirini na saba tena na tena, kwa sauti ya kadhi anayesoma hukumu. Abiria wakaafiki, konda akaafiki, na kijana aliyekaa pembeni yangu akaongeza kuwa takwimu hazidanganyi. Nilishuka Bububu na hasira ambayo haijanitoka mpaka naandika haya.

Hata hesabu yenyewe hakuifanya. Msimu wa 2015/16 Amissi Tambwe, Mrundi, aliifungia Yanga mabao 21 ya ligi na akawa mfungaji bora. Mwenzake wa mbele, Donald Ngoma kutoka Zimbabwe, alifunga 17. Jumlisha: 38. Hayo si mambo ya kale.  Mtu anasema "historia yote" na historia yake haifiki hata miaka kumi nyuma, na bado anapewa maikrofoni.

Lakini mimi sitaki kumshinda kwa kujumlisha, kwa sababu kujumlisha ndiko kosa lenyewe. Siku hizi watu wanaamini kwamba ukitaka kujua pacha bora, unachukua wafungaji wawili wa juu wa timu, unajumlisha mabao yao, na kazi imekwisha. Nasema hapana. Wawili hao unaweza kuwapata hata kama hawajapeana pasi moja msimu mzima. Unaweza kuwapata hata kama mmoja huingia mwenzake anapotoka, na Mzize na Dube msimu ule waliwahi kupishana hivyo zaidi ya mara moja, na siku nyingine mmoja alisogezwa pembeni ili mwingine akae katikati. Ni washambuliaji wazuri, na Mzize ni kijana wetu tunayejivunia. Ila pacha wanaulizwa swali moja tu: mmoja alimfanyia nini mwenzake? Beki alipomfuata huyu, yule alipata nini?

Mabao peke yake hayajibu swali hilo. Tarehe 6 Mei 2012, siku ambayo sisi wa Yanga, Wananchi, tungependa isitajwe, Simba walitufunga 5-0. Emmanuel Okwi alifunga mawili. Yaliyobaki matatu yote yalikuwa ya penalti, na moja alilipiga kipa wao, Juma Kaseja. Kwa hesabu ya redio, Kaseja ameingia kwenye orodha ya watu wa kujumlishwa. Chukua msimu wa 2023/24: mfungaji bora wa ligi alikuwa Stephane Aziz Ki, mabao 21, na yule si mshambuliaji wa kati hata kidogo, ni kiungo. Chukua Fiston Mayele, mabao 17 ya ligi msimu wa 2022/23 na mengine 7 kwenye Kombe la Shirikisho Afrika, Yanga ikafika fainali na kulikosa kombe mbele ya USM Alger kwa kanuni ya bao la ugenini tu. Pacha wake alikuwa nani? Hakuwa naye. Mara nyingi alisimama mbele peke yake, na nyuma yake kulikuwa na viungo. Timu inaweza kufunga mabao kama mvua ya masika na isiwe na pacha kabisa.

Na najua ugonjwa huu wa namba umetoka wapi. Umetoka kwenye mikeka ya kubeti. Sikiliza kipindi chochote cha michezo, hesabu dakika za mpira na dakika za matangazo ya kubeti, uone zipi zimezidi. Vijana wetu wanajua idadi ya kona za mechi ya Ureno inayochezwa usiku wa manane, na hawajui jina la mchezaji hata mmoja wa timu ya KMKM, ambao kambi yao iko hapo Kibweni, mwendo mfupi kutoka hapa Bububu. Aliyezoea kutazama mpira kupitia mkeka hawezi tena kumwona mshambuliaji anayekimbia bila mpira, kwa sababu mbio zile hazilipwi.

Sasa niwataje wangu: Sunday Manara na Gibson Sembuli.

Tarehe 10 Agosti 1974, uwanja wa Nyamagana, Mwanza, Yanga na Simba wanaamua ubingwa wa taifa. Adam Sabu anaipa Simba bao mapema. Dakika zinakwenda, Yanga hawapati kitu, watu wa Simba wameshaanza kusherehekea. Mwishoni kabisa mwa mchezo Sembuli anasawazisha. Katika muda wa nyongeza Sunday anafunga la ushindi. Mbili kwa moja. Sembuli, Sunday.

Kisha Januari 1975, fainali ya klabu bingwa ya Afrika Mashariki na Kati, timu zilezile mbili. Simba ndio waliokuwa wamelitwaa kombe hilo mwaka uliotangulia. Na fainali hiyo ilichezwa wapi? Hapa hapa Unguja. Yanga 2, Simba 0. Wafungaji Sunday Manara na Gibson Sembuli. Hilo ndilo lililokuwa taji la kwanza la kimataifa la Yanga, na lilipatikana kwenye ardhi ya kisiwa hiki, kwa miguu ya watu walewale wawili walioua Mwanza.

Nionyesheni pacha wengine wa Yanga waliofanya hivyo mara mbili mfululizo, dhidi ya mtani, siku ambayo kombe liko mezani. Wazee watawatajia Maulid Dilunga na Salehe Zimbwe, waliofunga mawili mawili tarehe 1 Juni 1968 Yanga ilipowachapa Simba 5-0, wakati huo wakiitwa Sunderland. Nawaheshimu, lakini ile ilikuwa siku moja.

Ami yangu, Mungu amrehemu, aliiona fainali ya 1975 kwa macho yake, na kila alipoisimulia hakuanza na mabao. Alianza na mabeki wa Simba. Alisema walicheza wakitazamana, kila mmoja akimwachia mwenziwe kazi: wakimkaribia Sunday, Sembuli na lile shuti lake yuko huru, wakirudi kumziba Sembuli, Sunday amekwisha kugeuka na mpira. Sunday aliitwa Kompyuta kwa sababu hiyo: alijua mpira utafika wapi kabla haujapigwa. Baadaye alikwenda kucheza Uholanzi, katika klabu ya Heracles, enzi ambazo Mtanzania kucheza Ulaya lilikuwa jambo lisilofikirika. Ami hakujua hata mara moja jumla ya mabao yao ni ngapi. Alijua walivyofanya.

Na matokeo ya kuwakosa tuliyaona. Katikati ya miaka ya 1970 Yanga ikaingia kwenye mgogoro mbaya, wachezaji wazoefu wakaondoka, ikazaliwa Pan African. Safu ile ya mbele ikawa haipo tena. Tarehe 19 Julai 1977 Simba wakatufunga 6-0, Abdallah Kibadeni matatu na Jumanne Hassan Masimenti mawili. Miaka miwili na nusu tu baada ya Unguja! Wapo watakaosema siku ile beki ndiyo iliyovuja. Beki huvuja pale timu isipokuwa na watu wa kuwaweka mabeki wa mpinzani nyumbani kwao.

Kijana wa kwenye daladala, nilipomtajia majina hayo, alinipa jibu ambalo nimelisikia kwenye kila maskani kutoka Bububu mpaka Michenzani: "Mzee, hao hatuna video yao." Hili ndilo jibu lao kubwa. Treni ilifika hapa Bububu kutoka mjini mwanzoni mwa karne ya 20, ikibeba watu na mizigo, na hakuna aliyetuonyesha video yake. Nani atasimama barabarani aseme reli haikuwahi kupita? Uvivu wa kutafuta umegeuzwa kuwa ushahidi. Wengine wanasema zamani mabeki walikuwa dhaifu. Mabeki wa Simba ya 1974, timu iliyofika nusu fainali ya klabu bingwa Afrika mwaka huohuo, ndio dhaifu? Anayesema hivyo arudi skuli.

Kuna jingine linaloniuma zaidi. Watu wa Bara wakiisahau fainali ya 1975 siwashangai, maana wameshasahau kwamba Malindi yetu ilitwaa ubingwa wa Muungano, 1989 na tena 1992. Wamesahau Desemba 2017 kule Kenya, Zanzibar Heroes walipowafunga Tanzania Bara, wakawatoa Uganda, wakaenda fainali na Kenya sare ya 2-2 mpaka penalti zikatuangusha. Mwaka huohuo CAF ilikuwa imetupa uanachama mwezi Machi na kutunyang'anya mwezi Julai. Tumezoea kufutwa. Lakini wale waliokuwa wakiafiki ndani ya 502 walikuwa Waunguja! Kombe lilichukuliwa mlangoni kwao na wanamwachia mtu wa studio awaambie kwamba historia ilianza 2024.

Kila Januari watangazaji haohao wanapanda boti kuja kutangaza Kombe la Mapinduzi. Wanalala hoteli za mjini, wanarudi. Safari ijayo mmoja wao apande 502 mchana, kabla ya mechi, ashuke popote penye baraza la wazee, awashe kinasa sauti na aulize kuhusu 1975: Sunday alisimama wapi, Sembuli alisimama wapi, mpira wa kwanza ulitoka kwa nani. Waliokuwepo wangali hai. Si wengi.