Watu 12 kwa Siku 14



Wahenga walisema mficha uchi hazai. Methali hii imetujia juma hili tulipokuwa tukiwatafakari vijana wetu wa Mbagala, Tandale na Kijitonyama wanaojifunza kutunga programu za simu. Kutunga ni kazi ya chumbani, usiku, bando likiruhusu. Lakini yaja siku ambapo kazi hiyo haina budi kutoka nje, ipelekwe kwenye duka la programu mtandaoni. Hapo ndipo kijana hutambua kwamba peke yake hawezi.

Tuchukue mfano wa kijana aliyetunga programu ya kuweka hesabu za kikoba cha akina mama wa mtaani kwake: nani amenunua hisa, nani amekopa, nani hajarejesha. Akitaka kuiweka Google Play, atalipa dola 25 za Marekani mara moja tu. Duka la Apple hutoza dola 99 kila mwaka. Fedha hizo si haba, lakini zaweza kuchangwa. Ugumu uko kwingine. Mtu binafsi aliyefungua akaunti Google Play tangu katikati ya Novemba 2023 haruhusiwi kuitoa programu yake kwa umma mpaka ijaribiwe kwanza na watu kadhaa kwa siku 14 mfululizo. Mwanzoni walitakiwa watu 20; Desemba 2024 idadi ikapunguzwa kuwa 12. Anayejitoa kabla ya siku hizo kutimia hahesabiwi. Kisha mtunzi huulizwa: waliojaribu walisema nini, nawe ulirekebisha nini?

Wapo wanaolinung'unikia sharti hili. Wapo hata wanaonunua wajaribu wa kukodi mtandaoni ili hesabu itimie. Sisi twaona huko ni kujidanganya. Mtu wa kukodi hatamwambia kijana kwamba kwenye simu ndogo yenye kioo kilichopasuka kitufe cha kuhifadhi hakionekani, wala kwamba riba imekokotolewa visivyo. Makosa hayo watayagundua akina mama wenyewe, fedha zao zikiwa zimekwisha kuingia humo.

Lakini lawama isiwaangukie vijana peke yao. Je, sisi tuliwapokeaje walipotujia? Twasema, "Hongera sana, mwanangu," twaipakua programu mbele yake, na jioni twaifuta ili kupata nafasi ya picha. Sifa za namna hiyo hazimjengi mtu.

Tukubali, basi, kuwa miongoni mwa wale 12. Mwenye simu ya Android na akaunti ya Google aweza. Tukubali mwaliko, tuiache programu simuni siku zote 14, tuitumie kwa mambo yetu halisi, nasi tuseme kweli. Tumwulize kijana: Je, mama asiyezoea simu aweza kuitumia? Mtandao ukikatika, hesabu zapotea? Majina na namba zetu zahifadhiwa wapi, na nani azionaye?

Swali hilo la mwisho tusilionee haya. Duka lenyewe humtaka mtunzi aeleze ni taarifa gani anazozikusanya. Nchi yetu nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Orodha ya wadaiwa wa kikoba ikivuja, itakayoaibika ni familia ya mtu, jirani yetu.

Nanyi vijana, msikasirike mnaposahihishwa. Anayewaonesha kosa leo, watu wakiwa 12, amewaepusha na aibu ya kesho mbele ya maelfu.

Mkono mmoja haulei mwana. Juma hili, kijana akibisha hodi na simu yake mkononi, tumkaribishe ndani, tuketi naye, tumpe siku zetu 14.

Tunawatakia juma jema.