Mwalimu Hakwenda Japani Kupiga Picha

Kila shule inapoitisha kikao cha wazazi kuhusu safari ya wanafunzi kwenda kukaa na familia za wenyeji Japani, swali ni lile lile: mwalimu atakuwa wapi? Na jibu linalopigiwa makofi ni lile lile: "Msiwe na hofu, nitakuwa nao bega kwa bega." Anayejibu hivyo huonekana ana uchungu na watoto. Anayesema, "Watakuwa kwa wenyeji wao, mimi nitakuwa hotelini mtaa wa pili, na sitawafuata kila waendako," huyo huonekana anakwenda kutalii kwa pesa za watu.

Mimi ningemchagua huyo wa pili bila kusita. Imani kwamba msindikizaji bora ni yule asiyebanduka ubavuni mwa watoto imekita mizizi mno, hata hatuoni jinsi inavyoiharibu safari yenyewe. Tunahangaikia viza, tunachangishana nauli, halafu tunafanya kila njia mtoto asifike Japani. Anaishia kukaa katika kijisehemu cha nyumbani kilichohamishiwa huko, chenye mwalimu wake, wenzake, na simu ya mama yake.

Tuanze na hiyo simu. Japani iko mbele yetu kwa saa sita. Mzazi wa Nairobi au Dar es Salaam anayetoka kazini saa kumi na mbili jioni, akakumbuka kumpigia mwanawe, huko anampigia saa sita usiku. Nyumba nyingi za kule ni za mbao, na milango mingine ya vyumba ni ya kusukuma, imewambwa karatasi. Nimemwona kijana wa kidato cha tatu akinywa supu ya miso asubuhi, baba wa nyumba akipiga miayo upande wa pili wa meza, mama mwenyeji macho mekundu, na bibi haonekani kabisa. Wote walikuwa wameyasikia maongezi yake mpaka saa saba usiku. Hakuna aliyesema neno, kwa sababu ni nadra mwenyeji wa Kijapani kumwambia mgeni kwamba amemnyima usingizi. Asubuhi hiyo hiyo mzazi aliandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba mtoto anaonekana amechoka kwenye picha, tafadhali mwalimu afuatilie.

Mwalimu akafuatilia, bila shaka. Akampigia mratibu wa safari, mratibu akampigia mama mwenyeji, na mama mwenyeji akaomba radhi kwa kosa ambalo halikuwa lake. Hivyo ndivyo uangalizi wetu unavyofanya kazi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Safari nyingi za aina hii huwaachia watoto siku chache tu kwa wenyeji, na muda mwingine wote huliwa na mabasi, mahekalu na maduka. Yaani mtoto huondoka wakati jembe ndiyo kwanza linatolewa. Na jembe ndilo alilolifuata: kukunja godoro la futoni asubuhi, kutenga taka zinazoungua na zisizoungua, kubeba vyombo mpaka sinki, kwenda na mtoto wa nyumba kwenye mazoezi ya klabu shuleni. Mwalimu akitokea mlangoni na kamera yake, kazi zote hizo husimama. Mama mwenyeji anavua aproni, anatoa chai na vitafunio, mtoto anarudi kuwa mgeni. Siku ya tatu imegeuzwa kuwa ya kwanza tena.

Kinachonishangaza ni kwamba sisi si watu wa kuogopa hivi. Televisheni ya Nippon huko Japani imekuwa ikionyesha tangu 1991 kipindi cha watoto wadogo wanaotumwa dukani peke yao kwa mara ya kwanza, kamera zikiwafuata kwa kificho. Kilipoingia Netflix mwaka 2022, watu wa nchi nyingi walishangaa, wengine wakasema ni ukatili. Mswahili gani ashangae kutumwa dukani? Wengi wetu tulitumwa sukari na mafuta ya taa kabla hatujajua kuandika majina yetu, na tukirudi na chenji pungufu tunarudishwa. Mtoto wetu tuliyemtuma Kariakoo kwa daladala akiwa na miaka kumi, sasa ana miaka 16, na tunataka ashikwe mkono katika mji ambao watoto wa darasa la kwanza hutembea wenyewe kwenda shule.

Samuel Wanjiru alitoka Kenya mwaka 2002, akiwa na miaka 15, akaingia shule ya sekondari ya Sendai Ikuei. WhatsApp ilikuwa haijazaliwa. Alijifunza Kijapani, na mwaka 2008 akashinda dhahabu ya marathoni ya Olimpiki huko Beijing. Sisemi kila mtoto atakuwa Wanjiru, wala kwamba upweke wa bwenini ni kitu cha kumtakia mtu. Nasema tu kwamba mtoto wetu anaweza kuishi katikati ya Wajapani bila ripoti ya kila mlo.

"Lakini usalama?" Haya, tuseme usalama. Ardhi ikitetemeka saa tisa usiku, ni nani atamsaidia mtoto: mwalimu aliyelala hotelini, ambaye pengine hajawahi kuona tetemeko, au familia iliyozaliwa nalo? Tarehe 1 Septemba ni siku ya kujikinga na maafa Japani tangu 1960, kukumbuka tetemeko la Kanto la 1923, na shule hufanya mazoezi. Mtoto wa nyumba mwenye miaka minane anajua kuingia chini ya meza na wapi pa kukimbilia. Mwalimu akigonga mlango wakati huo atakuwa mtu wa ziada wa kuokolewa.

Walimu hawa wa bega kwa bega wana tabia moja inayonikera zaidi: hukusanya pasipoti zote na kuzifungia kwenye begi lao, eti zisipotee. Sheria ya Japani inamtaka mgeni mwenye miaka 16 na kuendelea atembee na pasipoti yake. Polisi akimwomba kijana pasipoti, yeye hana, na aliyemnyang'anya ni mlezi wake.

Kazi ya msindikizaji ipo, tena ni nzito, ila sehemu kubwa huisha kabla ndege haijaruka, mahali ambapo hakuna wa kuipiga picha. Ni kukaa na kila mzazi na kuuliza dawa. Japani hairuhusu dawa zenye amfetamini hata ukiwa na cheti cha daktari, na baadhi ya dawa za mafua zenye pseudoefedrini inayozidi asilimia 10 hazipiti bila kibali cha mapema. Soseji na nyama iliyokaushwa huzuiwa pia, kwa hiyo shangazi asifungashe. Ni kumwandikia mwenyeji barua kwa Kijapani: mtoto huyu ana mzio wa karanga, huyu wa kamba. Vyakula vya pakiti hutakiwa kuonyesha vitu hivyo, lakini lebo ni za Kijapani, na mtoto hazisomi. Kwa mtoto wa Kiislamu, kuandika tu kwamba hali nguruwe hakutoshi, kwa sababu mirini, kiungo chenye kileo, huingia katika mchuzi mwingi, na mafuta ya nguruwe hujificha kwenye supu ya rameni. Mwenyeji akiambiwa mapema, atapika bila shida. Akiambiwa mezani, ataona aibu wiki nzima.

Halafu kuna bafu. Katika nyumba nyingi maji ya beseni la kujiloweka ni ya familia nzima. Unajisugua na kujisuuza nje, umekaa kwenye kigoda, ndipo unaingia; na mgeni mara nyingi hupewa zamu ya kwanza. Akichomoa kizibo akimaliza, amemwaga maji ya nyumba nzima. Kichekesho ni kwamba mtoto aliyezoea ndoo na kata huelewa somo hili mara moja. Anayehangaika ni yule wa nyumba yenye bomba la mvua.

Na itakuwaje mtoto akiangukia nyumba mbaya? Hilo ndilo swali pekee la kikao ninaloliheshimu. Lakini picha thelathini kwa siku hazilijibu, maana mtoto mwenye shida hutabasamu kwenye picha kama wenzake, na mara nyingi mpiga picha ndiye mwenye nyumba. Linajibiwa na mwalimu anayekutana na kila mtoto faraghani, mbali na mwenyeji, akamuuliza kwa Kiswahili unalala wapi, mlango unafungwa, kuna mtu anayekukosesha amani. Linajibiwa na mtoto kujua kwa moyo namba ya mwalimu, na 110 ya polisi, na 119 ya gari la wagonjwa. Na linajibiwa na mwalimu aliyekubaliana na mratibu tangu mwanzo kwamba mtoto akisema hapana, anahamishwa usiku huo huo, maswali baadaye. Mwalimu aliyechoshwa na kuhudumia kundi la wazazi hana nguvu ya kuyafanya hayo.

Kwa hiyo shule zinazopanga safari ya mwakani zifanye hivi. Kundi la WhatsApp lifungwe, aandike mwalimu peke yake, mara moja kwa siku, saa nane mchana yetu, ambapo Japani ni saa mbili usiku na watoto wameshakula. Ujumbe uwe mfupi: wote wazima, au fulani ana homa na amepelekwa hospitali. Mzazi asimpigie mtoto. Mtoto akitaka, atapiga. Na mzazi anayeona hayo hayatoshi aambiwe kwa upole, kabla ya kulipa, kwamba mwanawe hajafika wakati wa kusafiri, na nafasi hiyo apewe mwingine.